Msiba usio na matanga: Kumlilia mbwa mjini Riyadh na Jeddah

Kiswahili ni lugha yenye heshima kubwa kwa wafu. Binadamu akifa husemwa amefariki, ameaga dunia, ametangulia mbele ya haki. Mwili wake ni maiti, na jamaa zake ni wafiwa. Jirani huacha shughuli zake akaenda kutoa mkono wa taazia. Mkeka hutandikwa, kahawa humiminwa, na matanga hukaliwa siku tatu au zaidi. Lakini mbwa akifa, lugha hiyo hiyo huwa bahili. Mbwa hafariki, mbwa hufa. Mwili wake si maiti bali ni mzoga. Na yule aliyemlea kwa miaka kumi na miwili haitwi mfiwa. Hana jina.

Msikilizaji, makala haya yanawahusu watu hao wasio na jina katika miji miwili mikubwa ya Saudi Arabia: Riyadh, mji mkuu ulioko katikati ya nyanda kavu za Najd, na Jeddah, bandari ya Bahari ya Shamu, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 950 upande wa magharibi. Waswahili wengi huijua miji hiyo kwa ajili ya Hija na Umra, au kwa ajili ya ajira. Wachache huikumbuka panapotajwa mbwa. Hata hivyo, humo mna familia zilizomfuga mbwa, zikampenda, zikamzika usiku, na asubuhi yake zikaenda kazini na shuleni bila ya mtu yeyote kuziambia pole.

Je, huzuni ya namna hiyo ina mahali pake katika nchi ambayo mbwa huhesabiwa najisi? Wengi watajibu upesi kwamba haina. Lakini jibu hilo la upesi halipatani na historia ya nchi yenyewe, wala halipatani na mafunzo ya dini yenyewe yakisomwa kwa utulivu.

Kwanza yafaa kujua ni nani anayefuga mbwa huko. Wapo Wasaudi wenye mashamba na mifugo nje ya miji, ambao mbwa kwao ni mlinzi. Wapo wawindaji waliorithi kutoka kwa wazee wao mbwa mwembamba mwenye mbio, aitwaye saluki, ambaye kwa karne nyingi ameandamana na mwewe katika kusaka sungura na paa. Mabedui walimweka saluki katika daraja ya peke yake. Walimtenga na mbwa wengine hata kwa jina, wakamwita huru, yaani muungwana, na wakamruhusu kulala ndani ya hema pamoja na watu. Na katika miaka ya karibuni wameongezeka vijana wa Kisaudi wanaofuga mbwa nyumbani kwa ajili ya kuwa na mwenzi tu.

Kisha wapo wageni. Jeddah ndiko zilikokuwa balozi za nchi za nje hadi katikati ya miaka ya 1980, zilipohamishiwa Riyadh katika mtaa uliojengwa mahsusi kwa ajili yake. Miji yote miwili ina makazi yaliyozungukwa na kuta ndefu, ambayo wakaazi wake huyaita kompaundi. Ndani yake huishi wahandisi, madaktari, walimu na wahasibu kutoka kila pembe ya dunia, pamoja na wake zao, waume zao na watoto wao. Katika makazi hayo mbwa amekuwapo kwa miongo mingi.

Na nyuma ya wote hao wapo watu ambao aghalabu hawatajwi katika hadithi hii: wafanyakazi wa nyumbani, madereva, walinzi na watunza bustani, wakiwamo maelfu kwa maelfu kutoka Kenya, Uganda na sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Wao ndio mara nyingi wanaomlisha mbwa wa mwajiri, wanaomwogesha na kumtembeza. Wengi wamelelewa katika mji au kijiji ambako mtoto hufundishwa mapema kumkwepa mbwa asije akamharibia udhu. Kwao mapenzi ya mbwa huanza kama kazi ya kulipwa, tena kazi isiyopendeza.

Kufuga mbwa katika miji hiyo hakukuwa jambo jepesi. Mwaka 2006 mamlaka katika miji ya Jeddah na Makka zilitangaza kupiga marufuku uuzaji wa mbwa na paka. Amri hiyo haikusimamiwa kwa ukali. Kisha, mwishoni mwa mwezi Julai mwaka 2008, ikaja zamu ya Riyadh. Tume ya Kuamrisha Mema na Kukataza Maovu, ambayo askari wake walijulikana kama mutawa, ilitangaza kwamba ni marufuku kuwauza wanyama hao na kuwatembeza hadharani. Atakayekutwa naye barabarani angenyang'anywa mnyama wake.

La kushangaza ni kwamba sababu iliyotolewa haikuwa unajisi. Paka, ambaye Waislamu humhesabu kuwa safi na huingia misikitini bila ya kufukuzwa, aliwekwa katika amri moja na mbwa. Tume ilieleza kuwa vijana wa kiume walikuwa wakiwatumia wanyama hao kama kisingizio cha kuwasogelea wanawake na kuanzisha mazungumzo, na kuzisumbua familia. Kwa maneno mengine, mnyama aliadhibiwa kwa kosa la anayeshika kamba.

Kwa wafugaji, miaka hiyo ilikuwa ya kujificha. Mbwa alisafirishwa kwenye gari lenye vioo vyeusi kutoka lango la nyumba hadi lango la zahanati ya mifugo. Matembezi yalifanyika ndani ya kuta, au mbali jangwani siku za mwisho wa juma. Hali hiyo ilizaa jambo ambalo waliotoa amri hawakulikusudia. Familia na mbwa wao walifungwa pamoja kwa siri moja, na siri huongeza mapenzi. Lakini iliongeza pia upweke wa siku ya mwisho, kwa kuwa kilichofichwa kikiwa hai hakiwezi kutangazwa kikiwa kimekufa.

Mwezi Aprili mwaka 2016 Baraza la Mawaziri la Saudi Arabia liliiondolea Tume hiyo mamlaka ya kuwafukuza na kuwakamata watu. Tangu hapo mambo yamebadilika kwa kasi. Mwaka 2020 ulifunguliwa katika mji wa Khobar, mashariki mwa nchi, mkahawa ambao wateja wake huruhusiwa kuja na mbwa wao. Mjini Riyadh na Jeddah zahanati za mifugo na maduka ya chakula cha wanyama wa nyumbani si jambo geni tena, na mtu anayemtembeza mbwa jioni hageuziwi shingo kama zamani. Lakini sheria hubadilika kwa siku moja, na mazoea ya watu huchukua kizazi. Mtu anaweza leo kumtembeza mbwa wake bila ya hofu, na bado akaona haya kusema kwamba amemlilia.

Haya hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na dini, kama watu wanavyoielewa. Kwa hiyo ni vizuri kuyaeleza mafunzo yenyewe kwa uadilifu, bila ya kupunguza wala kuongeza.

Zipo hadithi sahihi za Mtume Muhammad zinazosema kuwa anayefuga mbwa bila ya haja hupungukiwa kila siku na sehemu ya thawabu zake, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Wanazuoni wengi, kwa njia ya kiyasi, wameingiza humo pia mbwa wa kulinda nyumba. Kuhusu usafi, madhehebu yametofautiana. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, humhesabu mbwa kuwa najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Madhehebu ya Hanbali, yenye nguvu Saudi Arabia, yana msimamo unaokaribiana na huo. Madhehebu ya Hanafi hutenga baina ya mate yake na mwili wake. Nayo madhehebu ya Malik humhesabu mbwa aliye hai kuwa ni safi.

Hizo ni hukumu za kufuga na za tohara. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kuwa ni dhambi kumhurumia mbwa, au ni dhambi kuhuzunika anapokufa. Kinyume chake, katika hadithi zilizo mashuhuri mno mna kisa cha msafiri aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha, na kwa tendo hilo akasamehewa. Na kila Ijumaa, Riyadh na Jeddah kama vile Lamu na Unguja, Waislamu wengi husoma sura ya Al-Kahf, yenye kisa cha vijana waliolala pangoni kwa miaka mingi. Katika sura hiyo mbwa wao ametajwa mara nne. Hakufukuzwa mlangoni mwa pango. Alihesabiwa pamoja nao kila walipohesabiwa.

Sasa chukua mfano wa nyumba moja mjini Riyadh. Si nyumba ya mtu fulani, bali ni mfano wa nyumba nyingi za namna yake. Baba na mama ni wageni wafanyao kazi kwa mkataba, wana watoto wawili, na msaidizi wa nyumbani kutoka pwani ya Kenya. Mbwa aliingia nyumbani watoto wakiwa bado wadogo. Kwa kuwa wazazi hutoka mapema, kazi ya kumtembeza ilimwangukia yule msaidizi.

Kumtembeza mbwa katika mji ule ni elimu. Miezi ya kiangazi joto la Riyadh hupita nyuzi 40 mchana, na lami hushika moto zaidi ya hewa. Kipimo cha wenye uzoefu ni kuweka kitanga cha mkono juu ya lami: mkono usipostahimili, basi nyayo za mbwa nazo hazitastahimili. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Jeddah, penye unyevu mwingi wa bahari, hata kuhema huko hakumfai sana, kwa kuwa hewa yenyewe tayari imejaa maji. Kwa hiyo katika miji yote miwili matembezi huwa kabla ya jua kuchomoza au usiku baada ya Isha. Msaidizi yule hutoka na mbwa gizani, adhana ya Alfajiri ikiwa haijatolewa, akarudi, akabadilisha nguo, akatawadha na kuswali.

Hivyo ndivyo inavyokwenda miaka minane, tisa, kumi. Katika nyumba ile watu huzungumza Kiingereza na Kiarabu cha kuombea radhi, lakini gizani barabarani kuna kiumbe mmoja anayesemeshwa kwa Kiswahili. Huambiwa habari za mtoto aliyeachwa kwa bibi yake, za karo ya shule, za simu ambayo haikupokelewa. Huambiwa twende, ngoja, pole pole, na kila neno analielewa. Siku anapoanza kuchechemea, wa kwanza kujua si mwenye mali. Ni yule anayeshika kamba.

Mwisho wake hujulikana. Macho huingia ukungu, miguu ya nyuma hukataa ngazi, chakula hubaki chomboni. Daktari wa mifugo husema kwamba dawa haitamponya, na huenda akashauri adungwe sindano ya kumpumzisha. Uamuzi huo hutolewa na wazazi, nyuma ya mlango uliofungwa. Ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana, kwa maana aliyeutoa hubaki akijiuliza kama aliharakisha au alichelewa, na hakuna wa kumjibu.

Kisha kuna suala la mazishi. Wapo wanaouacha mwili mikononi mwa zahanati. Wapo wanaotafuta pembe ya bustani, kama wenye nyumba wanaruhusu. Na wapo wanaokwenda jangwani usiku na koleo ndani ya gari. Ardhi ya Riyadh ni ngumu, yenye mwamba wa chokaa chini ya vumbi. Jeddah, sehemu nyingi, maji ya chumvi hayako mbali na uso wa ardhi. Popote inapokuwa, kazi hufanyika haraka na bila ya maneno, kwa kuwa hapana maneno yaliyopangwa kwa ajili yake. Hapana dua inayojulikana, hapana sanda, hapana anayeulizwa kama ana deni.

Kesho yake baba huenda ofisini, na akiulizwa kwa nini macho ni mekundu husema ni vumbi. Watoto huambiwa na wenzao kwamba alikuwa mbwa tu. Msaidizi huamka saa ile ile ya giza, kwa kuwa mwili umezoea, akakaa kitandani hana pa kwenda. Kamba imetundikwa nyuma ya mlango. Yeye ndiye mwenye huzuni mara mbili. Mbwa hakuwa wake, kwa hiyo hata ndani ya nyumba ile hakuna anayefikiri kumuuliza. Na akipiga simu nyumbani hataweza kusema, maana ndugu zake watashangaa ni lini alianza kumpenda mbwa.

Mtaalamu wa Kimarekani wa masuala ya maombolezo, Kenneth Doka, aliipa hali hiyo jina la kitaalamu mwaka 1989. Alieleza kwamba ipo huzuni ambayo jamii haiitambui. Aliyefikwa nayo hupoteza kweli, lakini watu wanaomzunguka hawampi haki ya kuomboleza, ama kwa sababu hawautambui uhusiano wake na aliyekufa, ama kwa sababu hawakitambui alichopoteza. Huzuni ya aina hiyo haipungui kwa kufichwa. Msiba hupata nafuu unapogawanywa, na ndiyo maana ya watu kukaa mkekani pamoja. Asiye na mkeka huubeba peke yake.

Pengine msikilizaji atasema kwamba mambo haya yameletwa Bara Arabu na wageni. Mawe ya nchi hiyo yanasema vingine.

Katika mkoa wa Hail, kaskazini mwa Saudi Arabia, kuna majabali yenye michoro ya kale katika maeneo ya Jubbah na Shuwaymis. Mwaka 2015 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wataalamu walihesabu mbwa 156 waliochorwa Shuwaymis na 193 Jubbah, wakiwinda pamoja na watu wenye pinde. Michoro hiyo inakisiwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 8,000 au zaidi. Baadhi ya mbwa wameunganishwa kwa mstari na kiuno cha mwindaji, mstari ambao watafiti waliufahamu kuwa ni kamba. Jambo la kugusa moyo zaidi ni kwamba mbwa hao hawakuchorwa wote kwa sura moja. Huyu ana baka kifuani, yule ana mkia wa namna yake. Inaelekea mchoraji hakuchora mbwa tu. Alichora mbwa aliowajua.

Ushahidi wa pili umetoka Al-Ula, kaskazini-magharibi mwa nchi. Mwaka 2021 ilitangazwa kuwa wanaakiolojia wanaofanya kazi chini ya Tume ya Kifalme ya Al-Ula walikuta mifupa ya mbwa katika kaburi la kale, lililojengwa kwa mawe juu ya ardhi ili lionekane na wapitao. Vipande vya mfupa vilikuwa 26, vyote vya mbwa mmoja, na pamoja navyo mifupa ya watu 11: watu wazima sita, kijana mmoja na watoto wanne. Mbwa huyo aliishi baina ya mwaka 4200 na mwaka 4000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, yaani yapata miaka 6,000 iliyopita. Na katika mifupa yake zilionekana dalili za yabisi ya viungo.

Dalili hizo ndogo zina maana kubwa. Yabisi si ugonjwa wa mbwa mchanga. Zinaonyesha kuwa mbwa yule aliishi na watu mpaka umri wa makamo au uzee, miguu ikiwa imekwisha kukaza. Mtu anaweza kudhani kwamba mbwa asiyeweza tena kukimbiza paa huachwa nyuma kambi inapohama. Huyu hakuachwa. Na alipokufa alilazwa mahali pamoja na watu, wakubwa kwa watoto. Hakuna maandishi yanayosema alilia nani. Lakini kaburi lipo.

Ng'ambo ya Bahari ya Shamu, katika bandari ya kale ya Berenike nchini Misri, wataalamu kutoka Poland wamefukua mamia ya makaburi ya wanyama ya karne ya kwanza na ya pili. Wengi ni paka, lakini wamo mbwa, na hata nyani. Baadhi walifunikwa kwa kitambaa au kwa vigae vya mitungi. Wengine walikuwa wazee au wagonjwa, wasio na meno, ambao wasingeishi muda ule bila ya mtu kuwalisha. Bandari hiyo ilikuwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, bahari ile ile iliyojenga miji ya Waswahili.

Baada ya Uislamu, mapenzi hayo hayakunyamaza. Mjini Baghdad aliishi mwandishi Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921. Alitunga kitabu kizima juu ya ubora wa mbwa kuliko wengi waliovaa nguo, akikusanya humo visa na mashairi ya Waarabu kuhusu uaminifu wa mbwa. Hakuwa mpinga dini. Alikuwa msomi wa zama zake, na jina la kitabu chake linaonyesha kwamba alichoka na wanadamu zaidi kuliko alivyotaka kubishana juu ya tohara.

Lakini pengine kisa kinachofaa kuliko vyote si cha mbwa. Ni cha ndege mdogo, na kilitokea Madina, katika Hijazi ile ile yenye Jeddah. Mmoja wa maswahaba, Anas bin Malik, alikuwa na ndugu mdogo aliyeitwa kwa heshima Abu Umair. Mtoto huyo alikuwa na kindege alichokuwa akicheza nacho. Kikafa. Mtume alipoitembelea nyumba hiyo akamwona mtoto amenyong'onyea, akauliza ana nini, akaambiwa. Basi akamwelekea mtoto yule, akamwita kwa jina lake la heshima kama aitwavyo mtu mzima, na akamuuliza habari za kile kindege chake.

Wanazuoni wametoa katika hadithi hiyo mafunzo mengi ya sheria na ya adabu. Kwa suala la leo, fundisho moja linatosha. Mtoto hakuambiwa kwamba kilikuwa ndege tu. Hakuahidiwa kingine kesho. Aliulizwa. Kiongozi wa umma, mwenye mambo mengi, alikaa chini akakitaja kilichokufa kwa jina la aina yake, mbele ya aliyekipenda. Mbwa si ndege, na hukumu zake si zile zile. Lakini moyo wa aliyefikwa ni ule ule.

Kwa wageni wa Riyadh na Jeddah kuna jambo moja zaidi linaloongeza uchungu. Ukaazi wao hutegemea kibali, yaani iqama, na kibali hutegemea kazi. Mkataba ukiisha, mtu hupewa ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, na maisha ya miaka kumi hufungwa katika masanduku kwa majuma machache. Mwaka 2017 serikali ilianzisha ada ya kila mwezi kwa kila mtegemezi wa mfanyakazi wa kigeni, ikianza na riali 100 na kupandishwa mwaka hadi mwaka mpaka riali 400 mwaka 2020. Familia nyingi zilirudi makwao. Wenye mbwa aliye hai walitakiwa kutafuta chanjo, vyeti, sanduku la safari na nauli, na mashirika mengi ya ndege huweka vikwazo vya kubeba wanyama miezi ya joto kali. Wengine waliweza. Wengine walimkabidhi jirani. Na wapo waliofungua lango wakaondoka, jambo ambalo hakuna dini wala desturi inayolikubali.

Wenye mbwa aliyekufa nao wana lao. Wanaacha nyuma kaburi lisilo na alama, katika nchi ambayo huenda hawataruhusiwa kuingia tena bila ya viza. Yule msaidizi kutoka pwani naye hurudi nyumbani siku moja, na masanduku yake yana kanga, manukato na nguo za watoto. Watu humuuliza habari za Makka, za majumba marefu, za mshahara. Haielekei kwamba kuna atakayemuuliza ni nani aliyetembea naye gizani miaka yote ile.

Msikilizaji, hakuna anayetaka mbwa akaliwe matanga. Kumweka mnyama katika daraja ya binadamu si heshima kwa mnyama wala kwa binadamu. Anayeshika msimamo wa madhehebu yake kuhusu tohara ana haki ya kuushika, na anayeona mbwa asiingie ndani ya nyumba ana hoja zake. Lakini yote hayo ni mambo ya kabla ya kifo. Mnyama akishakufa, mjadala wa kama alistahili kufugwa hauwezi kumrudisha wala kumfukuza. Kilichobaki ni mtu mwenye huzuni.

Na ingawa Kiswahili kimekuwa bahili wa majina kwa msiba huu, kimeacha neno moja ambalo halibagui. Neno hilo huambiwa aliyejikwaa, aliyeungua, aliyefiwa na aliyechoka na safari. Halimuulizi mtu kama ana haki ya kuumia. Halimwingizi anayelisema katika ubishi wowote wa dini, na halihitaji mkeka wala kahawa. Mwenzako akikuambia kwamba mbwa wake amekufa, iwe ni Riyadh, Jeddah, Mombasa au London, mwambie pole. Kisha, kama una nafasi, muulize alikuwa mbwa wa namna gani.